Maumivu ya Hedhi, Vidonge vya Kukatwa kwa Mkasi na Wajibu wa Dola

Katika bajeti ya mwaka 2018/19 Serikali ya Tanzania iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye taulo za kike. Mwaka mmoja baadaye iliirejesha, kwa hoja kwamba bei madukani haikushuka na kwamba nafuu ile iliishia mifukoni mwa wafanyabiashara. Mjadala ulikuwa mkali, ndani ya Bunge na nje yake, na uliacha faida moja ambayo haikufutwa pamoja na msamaha wa kodi: neno hedhi lilitamkwa hadharani na watu wazima waliovaa suti, bila kukohoa wala kuinamisha macho. Hata hivyo, mjadala ule ulihusu damu na namna ya kuisitiri. Kuhusu maumivu yanayoambatana na damu hiyo, tulisema kidogo sana, na tangu wakati huo hatujaongeza mengi.

Makala haya yanahusu maumivu hayo na vidonge vinavyomezwa kwa ajili yake. Hoja yangu ni nyepesi kuieleza. Dawa za kutuliza maumivu ya hedhi zipo, bei yake si kubwa, na sheria inaruhusu nyingi kati yake ziuzwe bila cheti cha daktari. Zikitumiwa vizuri ni salama kwa wanawake walio wengi. Lakini katika nchi yetu dawa hizi zinanunuliwa kwa aibu, zinauzwa kwa haraka na kumezwa kwa kukisia. Jina la dawa halijulikani, kipimo hakijulikani, na anayepaswa kuikwepa kabisa haambiwi. Jambo linalowagusa mamilioni ya raia kila mwezi kwa namna hiyo haliwezi kuachwa liwe siri ya binti na muuza duka. Ni suala la utawala, sawa na maji, barabara na mitaala ya shule.

Wapo watakaouliza mwanamume anatafuta nini katika mambo haya. Jibu langu ni kwamba tumo ndani yake tangu zamani, isipokuwa hatujiulizi. Wengi wa wanaopanga ratiba za mitihani, wanaosaini ruhusa za wagonjwa na wanaopitisha bajeti za zahanati ni wanaume. Tukijitia kutojua, ujinga wetu unageuka kuwa kanuni za kazi na za shule. Niseme pia kwamba mimi si daktari wa tiba. Shahada yangu ya uzamivu haimponyi mtu mafua. Ninayoyaandika hapa kuhusu dawa ni yale ambayo miongozo ya tiba imekubaliana kwa miaka mingi, na hayachukui nafasi ya mfamasia au daktari anayemjua mgonjwa wake.

Tuanze na maumivu yenyewe. Katika mwambao wa pwani wazee wetu waliyaita chango, na kwa kina bibi chango lilikuwa na dawa zake, miiko yake na maelezo yake. Jina lile lilikuwa na heshima fulani, kwa sababu lilikiri kwamba kuna kitu kinachouma. Sisi tulioenda shule tumeishia mahali pabaya zaidi: hatuna tena chango, wala hatujachukua maelezo ya sayansi. Tumebaki na neno kudeka.

Sayansi inaeleza hivi. Utando wa ndani wa mji wa mimba unapoanza kubomoka mwanzoni mwa hedhi, hutoa kemikali zinazoitwa prostaglandini. Kemikali hizi huufanya msuli wa mji wa mimba ukaze na kuachia, ukaze na kuachia. Unapokaza sana, damu inayoulisha msuli huo hupungua, na msuli uliokosa damu huuma, kama unavyouma mguu wa mkimbiaji aliyebanwa. Prostaglandini zikizidi, maumivu huzidi, na zinapoingia kwenye mzunguko wa damu huweza kuleta kichefuchefu, kuharisha, kuumwa kichwa na kizunguzungu. Kwa hiyo binti anayejikunja kitandani huku akitapika siku ya kwanza ya hedhi haigizi. Ana kemikali mwilini ambazo maabara inaweza kuzipima.

Mwaka 1971 mwanasayansi wa Uingereza, John Vane, alionyesha kwamba aspirini na dawa za jamii yake hufanya kazi kwa kuuzuia mwili usitengeneze prostaglandini. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1982 pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson. Ibuprofeni, ambayo ni ya jamii hiyo hiyo, ilikuwa imeanza kuuzwa Uingereza mwaka 1969 kwa cheti cha daktari, na mwaka 1983 ikaruhusiwa kuuzwa huko bila cheti. Naitaja historia hii ili msomaji aone kwamba elimu hii ina zaidi ya nusu karne. Kilichochelewa ni kuifikisha kwa mtu anayeumwa, kwa lugha anayoielewa.

Dawa inayozuia prostaglandini zisitengenezwe haiwezi kuzifuta zile ambazo tayari zimetengenezwa. Ndiyo maana wakati wa kumeza ni muhimu kama dawa yenyewe. Mwanamke anayesubiri mpaka azidiwe, ndipo ameze kidonge, anaipa dawa kazi ngumu kuliko ilivyostahili. Ushauri wa kawaida ni kuanza mara maumivu au damu inapoanza, kisha kuendelea kwa mpangilio kwa siku mbili au tatu ambazo maumivu huwa makali, na kuacha. Wasichana wengi wamefundishwa kinyume chake: vumilia kwanza, dawa iwe ya mwisho. Uvumilivu wa namna hiyo huishia kwenye kumeza vidonge vingi kwa pupa, kwa sababu kimoja kilichochelewa hakikufua dafu.

Kuhusu ufanisi, mapitio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2015 na mtandao wa Cochrane yalikusanya majaribio 80 yaliyohusisha wanawake 5,820. Yalionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wanaopewa kidonge kisicho na dawa, takriban 18 hupata nafuu ya kuridhisha. Wakipewa dawa za jamii ya ibuprofeni, wanaopata nafuu hiyo ni kati ya 45 na 53. Takwimu hizo zina mambo mawili ya kutufundisha. Kwanza, dawa hizi zinafanya kazi kweli. Pili, karibu nusu ya wanawake hazitawatosha, na hao wanahitaji daktari, si kuongezewa vidonge vya aina ile ile.

Vipimo vinavyokubalika bila usimamizi wa daktari ni hivi. Kwa ibuprofeni, mtu mzima au kijana aliyevuka umri wa miaka 12 humeza miligramu 200 hadi 400 kwa wakati mmoja, isizidi mara tatu kwa siku, na jumla yake isivuke miligramu 1,200 ndani ya saa 24. Imezwe pamoja na chakula au mara baada ya kula, kwa maji ya kutosha. Kwa parasetamoli, mtu mzima humeza miligramu 500 hadi 1,000 kila baada ya saa nne hadi sita, na jumla isivuke miligramu 4,000 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500. Kwa binti mdogo, mtu mwenye uzito wa chini ya kilo 50, au mwenye maradhi ya ini, kipimo huwa kidogo zaidi, na mtaalamu ndiye wa kukipanga.

Parasetamoli ni mpole kwa tumbo, na ni kimbilio zuri kwa yule asiyeruhusiwa ibuprofeni, ingawa kwa maumivu ya hedhi nguvu yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya ibuprofeni. Upole huo umewafanya watu waidharau. Ikizidi kipimo huunguza ini, na ubaya wake ni kwamba aliyezidisha anaweza kupitisha siku nzima ya kwanza bila kuhisi jambo la kutisha, wakati ini linaendelea kuharibika. Aliyemeza kupita kiasi aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anajiona mzima.

Kosa lililo kubwa zaidi mitaani, kwa ninavyoona, ni kuchanganya dawa za jamii moja kwa majina tofauti. Ibuprofeni, diklofenaki, aspirini na asidi ya mefenamiki ni ndugu. Kumeza mbili kati ya hizo kwa pamoja hakuongezi nafuu kwa maana; kunaongeza hatari ya vidonda vya tumbo, kutokwa damu tumboni na kuumia kwa figo. Ibuprofeni na parasetamoli ni jamii mbili tofauti, na zinaweza kutumiwa pamoja kila moja kwa kipimo chake. Lakini zipo tembe zilizochanganywa kiwandani zenye dawa mbili au tatu ndani yake, na zipo dawa nyingi za mafua zenye parasetamoli. Asiyesoma viambato anaweza kujikuta amemeza kipimo mara mbili akidhani amemeza dawa mbili.

Wapo pia wasiopaswa kumeza ibuprofeni na ndugu zake bila kumwuliza mtaalamu: mwenye vidonda vya tumbo au aliyewahi kutokwa damu tumboni, mwenye maradhi ya figo, ya moyo au ya ini, mwenye pumu ambayo huamshwa na dawa hizi, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mwenye ujauzito au anayehisi huenda anao. Mwenye selimundu naye aulize kwanza, kwa kuwa figo zake tayari zimo katika hatari. Anayetapika na kuharisha sana, akapungukiwa maji mwilini, azitunze figo zake kwa kunywa maji kabla ya kufikiria kidonge. Aspirini haifai kwa walio chini ya miaka 16, na katika hedhi ina kasoro nyingine: huweza kuongeza kutoka kwa damu.

Orodha hiyo si ndefu. Inaenea kwenye kikaratasi cha ukubwa wa kiganja. Basi kwa nini mnunuzi haipati?

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa pili aliletwa ofisini kwangu na mwenzake, akiwa ametoka kwenye chumba cha mtihani kabla ya muda. Alikuwa ameshika tumbo na ametapika mara mbili. Nilipomwuliza amemeza nini, alijibu kwa sauti ya chini, "Ni vya tumbo tu, Dokta." Tulimpeleka zahanati, na muuguzi akarudia swali lile lile. Binti alitoa mkobani vipande vitatu vya karatasi za vidonge. Kimoja kilikuwa parasetamoli. Cha pili kilikuwa diklofenaki, alichopewa na mwenzake wa bweni. Cha tatu kilikuwa kimekatwa kwa mkasi mahali pale pale palipokuwa na jina, na kilichosalia kilikuwa herufi mbili na sehemu ya tarehe. Muuguzi alikigeuza mara kadhaa chini ya taa, kisha akakiweka mezani. Katika chumba kile tulikuwa watu wanne, watatu kati yetu tukiwa na elimu ya juu au tukiitafuta, na hakuna aliyeweza kusema kilichokuwa tumboni mwa mgonjwa. Alipona. Lakini alipona kwa bahati, na bahati si sera ya afya.

Mkasi ule ndio kiini cha jambo hili. Katika maduka yetu dawa huuzwa kwa kadiri ya sarafu iliyopo mkononi: vidonge viwili, vinne, sita. Siwalaumu wanunuzi, asiye na fedha ya pakiti nzima ana haki ya kununua robo yake. Lakini pakiti ikibaki dukani, karatasi ya maelezo hubaki humo. Mnunuzi huondoka na kibahasha kilichoandikwa kwa kalamu "1 x 3" au "2 x 3", bila jina, bila onyo, bila tarehe ya mwisho wa matumizi. Hata anayenunua pakiti nzima, mara nyingi hukuta maelezo kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Nchi hii ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, kwa sababu ilionekana ni dhuluma mtu kuhukumiwa kwa lugha asiyoielewa. Kumeza dawa kwa maelezo usiyoyaelewa ni dhuluma ya namna hiyo hiyo, nayo hutokea mara nyingi zaidi kuliko kesi.

Kuna pia suala la mazungumzo ya dukani. Binti anafika, anakuta foleni ya watu wa mtaani kwao, na muuzaji ni kijana wa rika lake. Anasema "tumbo linauma". Neno tumbo katika Kiswahili chetu ni pana kama bahari: ndani yake mna njaa, minyoo, vidonda, kuharisha, mimba na hedhi. Muuzaji asipouliza zaidi, atatoa anachokisia, na wakati mwingine anachokisia ni antibayotiki. Antibayotiki haitulizi maumivu ya hedhi hata kidogo. Kinachobaki ni fedha iliyopotea na vijidudu vinavyozidi kuwa sugu. Kwa upande wa pili, aibu ya binti humzuia kusema kwamba ana vidonda vya tumbo au kwamba hedhi imechelewa na huenda ana mimba, na hizo ndizo habari mbili ambazo zingebadili dawa anayopaswa kupewa.

Hatuanzi kutoka sifuri. Mwaka 2003 mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulianzia mkoani Ruvuma, kwa lengo la kubadili yale maduka ya dawa baridi kuwa maduka yaliyosajiliwa, yenye wauzaji waliopewa mafunzo. Kisha ukaenea nchi nzima. Huo ni ubunifu wa Kitanzania ambao mataifa mengine yamekuja kujifunza, na ndiyo sababu naamini tunaweza kuuongezea kipengele kimoja. Muuzaji wa duka hilo ajifunze kuuliza maswali matano kabla ya kuuza dawa ya maumivu kwa mwanamke: Maumivu haya ni ya hedhi? Umekwisha kumeza dawa gani leo? Una vidonda vya tumbo, pumu au maradhi ya figo? Kuna uwezekano wa ujauzito? Maumivu haya ni yale uliyoyazoea, au yamebadilika? Maswali hayo huchukua dakika moja, na yanaweza kuulizwa pembeni, kwa sauti ya staha.

Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa sababu dawa ya dukani ina kosa moja inaloweza kulifanya hata ikitumiwa kwa kipimo sahihi: inaweza kuyanyamazisha maumivu yaliyokuwa yanataka kusema jambo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu wapatao milioni 190 duniani, wana endometriosisi, hali ambayo tishu zinazofanana na utando wa mji wa mimba huota nje yake. Fibroidi nazo, yaani uvimbe katika msuli wa mji wa mimba, huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika. Wengi wao huambiwa kwa miaka kwamba ndiyo ukubwa, kwamba mama yao aliyapitia, kwamba yataisha wakizaa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa mgonjwa hakuficha. Alisema, na sisi ndio tuliomwambia anyamaze.

Kwa hiyo aende kituo cha afya yule ambaye kipimo sahihi kilichomezwa kwa wakati sahihi hakimpi nafuu kwa miezi miwili au mitatu. Ambaye maumivu yanazidi mwaka hadi mwaka au yameanza ukubwani baada ya miaka ya hedhi ya kawaida. Ambaye analoanisha pedi moja kwa saa kwa saa kadhaa mfululizo, anapitisha mabonge makubwa ya damu au hedhi inavuka siku saba. Ambaye anaumia wakati wa tendo la ndoa, kwenda haja au katikati ya mwezi. Na aende siku hiyo hiyo mwenye homa na uchafu wenye harufu, mwenye maumivu makali ya upande mmoja hasa kama hedhi ilichelewa, anayezimia, au anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami baada ya kumeza dawa za maumivu.

Najua pingamizi zitakazoletwa. La kwanza ni kwamba hedhi ni jambo la asili na halihitaji dawa. Uzazi nao ni wa asili, na tunajenga wodi za wazazi. Zaidi ya hayo, hakuna anayelazimishwa kumeza. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa na kuwekwa chini ya kitovu huwasaidia wengi, na tafiti zimeunga mkono jambo hilo ambalo bibi zetu walilijua. Mazoezi ya mara kwa mara nayo yana faida. Mwenye kuridhika na hayo aridhike nayo. Ninachotetea ni haki ya asiyeridhika.

La pili ni hofu kwamba vidonge vinaua kizazi. Hofu hii nimeikuta hata kwa wasomi. Hakuna ushahidi kwamba kumeza ibuprofeni au parasetamoli kwa kipimo sahihi, siku chache za hedhi, humfanya mwanamke kuwa tasa. Anayetafuta ujauzito azungumze na mtaalamu, kwa kuwa kutumia dawa za jamii ya ibuprofeni mfululizo kunaweza kuchelewesha yai kuachiliwa, hali ambayo hurudi kawaida dawa ikiachwa. Huo ni ushauri wa kuzingatia wakati, na haufanani na utasa. La tatu ni kwamba tutazalisha vijana waraibu. Ibuprofeni na parasetamoli hazileti uraibu kama dawa za jamii ya afyuni. Anayestahili kuogopwa ni yule anayempa binti tramadoli kwa maumivu ya hedhi, na mtu huyo hustawi pale ambapo maarifa hayapo.

Sasa tugeukie shule na kazini. Katika shule za bweni, si ajabu kukuta kanuni inayomkataza mwanafunzi kukaa na dawa yoyote, na kanuni hiyo ina sababu njema. Lakini kanuni inayochukua dawa mkononi mwa mtoto lazima iweke dawa mahali anapoifikia. Kabati dogo kwa matroni, lenye ibuprofeni, parasetamoli, daftari la kuandika nani amepewa nini na saa ngapi, kikaratasi cha maonyo kwa Kiswahili na chupa mbili za maji ya moto, halihitaji mfadhili wala uzinduzi. Daftari hilo lingetupa pia jambo la ziada: mwanafunzi anayeandikwa kila mwezi kwa maumivu yasiyosikia dawa angeonekana mapema, akapelekwa hospitali akiwa na miaka 15 badala ya 30.

Kazini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, kwa sharti la cheti cha daktari. Sharti hilo linaeleweka kwa homa ya matumbo. Kwa maumivu ya saa sita yanayojirudia kila mwezi, linamtaka mgonjwa akapange foleni hospitalini ili athibitishe kwamba hakuweza kupanga foleni ya daladala. Zambia, katika sheria yake ya ajira ya mwaka 2019, inampa mfanyakazi mwanamke siku moja kwa mwezi bila kudaiwa cheti wala sababu. Ningependa tuijadili njia hiyo kwa uzito. Hata hivyo nawaonya wanaharakati wenzangu: siku ya mapumziko bila maarifa ya dawa ni siku ya kuumwa nyumbani badala ya ofisini. Vitu hivi viwili viombwe pamoja.

Ninachopendekeza kwa mamlaka zinazosimamia dawa na famasia kina sehemu tatu. Kwanza, kila dawa ya maumivu inayouzwa bila cheti iwe na maelezo ya Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, na duka liwe na vikaratasi vya kumpa anayenunua vidonge vichache. Pili, iwe marufuku kukata karatasi ya vidonge kwa namna inayoondoa jina, nguvu na tarehe ya mwisho. Pale isipowezekana, muuzaji aandike mambo hayo matatu kwenye bahasha, si "2 x 3" peke yake. Tatu, maumivu ya hedhi yaingizwe kwa jina lake katika mafunzo ya wauzaji na katika ukaguzi wa maduka. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mtambo wa kuagizwa nje.

Kwa wanafunzi wangu mnaosoma ukurasa huu, msisubiri waraka. Mkinunua dawa leo, ombeni jina lake na mliandike. Msimpe mwenzenu kidonge msichokijua, hata kwa mapenzi. Na ninyi wa kiume, mkitumwa dukani na dada, mke au rafiki, ulizeni yale maswali matano kwa sauti ya kawaida, kama mnavyouliza bei ya unga. Kwa watumishi wa umma, baadhi yenu mna kalamu inayoweza kuandika waraka wa kabati la matroni wiki hii. Taulo za kike tulizijadili kwa miaka, na kodi yake imekwenda na kurudi. Kikaratasi cha Kiswahili ndani ya pakiti ya vidonge hakina kodi ya kubishania, na kila mwezi kinaposubiri, kuna muuguzi mahali fulani anayegeuza kipande cha karatasi chini ya taa akitafuta jina.